Bunduki Yako Haiwezi Kulala Hapa

Maimuna, mamangu,

Utacheka ukiiona barua hii, kwanza kwa urefu wake, halafu kwa sababu unahamia Inver Grove Heights tu, mahali ambapo hata nikikwama kwenye foleni ya magari nafika kabla chai haijapoa kwenye thamosi. Barua za namna hii huandikiwa watoto wanaovuka bahari. Mimi nilivuka bahari, na babangu hakuniandikia neno. Alinipa mkono, akaniambia nisikae na njaa, akarudi zake dukani. Tabia hiyo ya kusema kidogo niliirithi yote, na umeona ilikotufikisha. Kwa hivyo usiku huu nivumilie.

Sitasema habari ya matairi ya theluji, wala ya kutoacha tangi la mafuta likauke baridi inapokaza, wala ya yule mpangaji wa juu mwenye miziki yake. Hayo tumeyasema mpaka ukanikata jicho. Viungo vya pilau nimevitia kwenye sanduku la vyombo, na barua hii nitaitia ndani ya sufuria kubwa, kwa sababu najua utakula vya kununua wiki nzima kabla hujaifungua.

Ijumaa iliyopita msikitini mtu mmoja, nisimtaje, alinishika mkono akaniuliza, "Bwana Salim, nasikia binti anahama. Harusi lini, mbona sisi hatukualikwa?" Nikamwambia hakuna harusi. Akaniachia mkono upesi kama mtu anayekwenda kumhadithia mkewe. Unajua kwetu mambo yalivyo. Msichana hutoka kwa babake na hina mikononi, watu wanapiga vigelegele mlangoni. Wewe kesho unatoka na masanduku ya plastiki na sare ya polisi iliyopigwa pasi, na hakuna atakayepiga kigelegele. Ningeweza kumpa yule mtu sababu. Sikumpa, kwa kuwa sababu ni mimi.

Nataka iandikwe mahali, hata kama ni hapa tu. Huondoki kwa kiburi, wala kwa kunichoka, ingawa ungekuwa na haki ya kunichoka. Unaondoka kwa sababu kazi yako imekupa bastola, na mimi ni mtu aliyekatazwa na sheria kushika bastola, bunduki, hata risasi moja, maisha yake yote, mpaka jaji amrudishie haki hiyo. Niliomba nirudishiwe. Jaji alikataa. Alikataa baada ya wewe kusimama ukasema, na tangu siku hiyo huniangalii usoni. Unapita humu ndani kwa nyayo nyepesi, unaosha hata vikombe ambavyo hukuvitumia wewe. Unadhani umenifunga mara ya pili. Hilo ndilo lililonikalisha hapa jikoni na kalamu.

Unaikumbuka siku ya risasi. Ulikuwa bado mafunzoni, ulirudi hoi, ukaitupa suruali kwenye kapu la nguo chafu, ukatoka tena. Mimi mtu wa mashuka, mchana kutwa kule hospitalini Maplewood nafua na kukunja, na nikirudi nyumbani mikono haijui kupumzika. Nikatia nguo zako kwenye mashine. Nikasikia kitu kinagonga. Nikaisimamisha, nikatia mkono, nikakitoa kitu chenyewe nikakitazama. Nilikiachia kikaanguka majini. Nilitoka nje kama nilivyo, kanzu na ndara, nikasimama kwenye theluji mbele ya gereji nikakupigia simu.

Ukaniambia, "Baba, usi-touch. Kaa hapo tu nje, I'm coming."

Nilikuwa nimeshagusa. Jirani yetu, yule bwana mwenye mbwa mnene, alinipungia mkono, nami nikampungia, kana kwamba ni kawaida yangu kupunga upepo wa Januari nikiwa na ndara. Ulipofika uliingia ndani moja kwa moja, ukaitoa ile risasi, ukaifunga kwenye kitambaa ukaipeleka kwenye gari. Halafu ukakaa kwenye ngazi ukalia. "Nili-forget kwa pocket, Baba. Na wakinipa bastola yangu itakuwaje? Siwezi kukaa hapa." Nilikuwa sijawahi kukuona ukilia kwa ajili ya kosa la mtu mwingine, yaani langu la zamani. Vidole vya miguu viliniuma wiki mbili, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa unasema kweli.

Wakili tuliyemwendea alisema sanduku la chuma lenye namba usizonipa huenda lingetosha, na huenda lisingetosha. Lisipotosha, mimi naingia jela na wewe unaingia kazini ukiwa na doa kabla hujaanza. Wakubwa wako nao waliona heri usicheze na jambo hilo. Ndipo wakili akatuambia kuna mlango mmoja mwingine. Mtu aliyehukumiwa anaweza kurudi mahakamani akaomba haki yake ya silaha, akaeleza sababu ya maana, na jaji akamwangalia alivyoishi tangu atoke. Alisema wengi huomba ili wakawinde kulungu na wanao msimu ukifika. Mimi kuwinda sijui, na kulungu hajanikosea. Sababu yangu ilikuwa wewe ubaki chumbani kwako mpaka siku utakayoondoka kwa hiari yako. Nilidhani hiyo ni sababu ambayo hakuna jaji mwenye mtoto atakayeikataa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kuna mambo umeyasikia vipande vipande, na vipande vingine nilivikata mwenyewe.

Mamako Rukia alipofariki ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa na lile duka la uturi na mabaibui Minneapolis, ndani ya jengo la maduka ya watu wetu. Chini ya kaunta nilikuwa na bastola. Niliinunua kihalali, baada ya jirani kuvamiwa, nikaenda mafunzo na nikapewa kibali, na niliiona kuwa kitu cha biashara sawa na kufuli. Rukia hakuipenda. Alisema kitu hicho kimekaa mahali ambapo mkono wako unakwenda ukiwa na hasira. Nilimcheka, nikamwambia mkono wangu ukiwa na hasira huenda kwenye kikombe cha kahawa. Alikuwa amenijua kuliko nilivyojijua.

Baada ya arubaini yake, Mjomba Mbarak akaanza kuja dukani. Alikuwa kaka yake pekee huku ughaibuni, na alikuwa amempoteza kama mimi nilivyompoteza, ila mimi sikuliona hilo, niliona msiba wangu tu. Siku ile alikuja na neno kutoka kwa bibi yako Malindi. Bibi alitaka upelekwe ukalelewe kule. Mbarak akasema, "Shemeji, mtoto wa kike halelewi na mwanamume peke yake. Juzi nilimuona shuleni, nyele hazikusukwa." Nami asubuhi ile nilikuwa nimejaribu kukusuka mpaka wote wawili tukakata tamaa. Neno la nyele ndilo lililonipata. Nilimwelekezea bastola. Jinsi ilivyokuwa nitakuandikia mwisho, kwa sababu nikianza nayo sitaweza kuandika mengine.

Aliyeita polisi ni mwenye duka lililotazamana na letu, sio Mbarak. Walipokuja niliwaambia kosa langu kabla hawajauliza. Ni mimi, nimekosa, bastola ndiyo hii. Nilikuwa nimeshaapa uraia wa hapa, na kama si hivyo wangenirudisha nilikotoka, na barua hii ingekuwa na stempu. Niliachiwa kwa dhamana, nikakatazwa kumkaribia Mbarak, na wewe ukawa kwake, mkewe Khadija akikusuka vizuri kuliko mimi. Ndipo wazee wetu wakaingia kati. Wakawa wanatoka kwangu kwenda kwake, wanatoka kwake kuja kwangu, wanakunywa kahawa nyumba hii na kula halua nyumba ile, wamebeba maneno yetu. Niliomba radhi kwa vinywa vyao na nikasamehewa kwa vinywa hivyo hivyo. Mbarak aliwaambia, "Mwambieni Salim yameisha. Mie sina neno na yeye." Nililia nilipoletewa hilo. Nikaona kesi imekwisha, na kilichobaki mahakamani ni kama kwenda kugongesha muhuri.

Wakili niliyepewa na serikali, msichana mdogo tu, alinisihi. Alitaka ninyamaze, yeye azungumze na upande wa pili walipunguze shitaka mpaka liwe dogo. Mimi, niliyekuwa nabishana bei ya baibui na mteja mpaka namtilia chai, niliona aibu kubishana bei ya kosa langu. Kwetu ukishakubali umekosa na uliyemkosea ameshasamehe, anayeendelea kubishana ni mtu asiye na haya. Nikasimama nikamwambia jaji nimekosa, nilimwelekezea ndugu yangu bastola, na ameshanisamehe. Kisha nikangoja. Unajua nilichokuwa nangoja? Nilikuwa nangoja aseme, haya, yamekwisha, kapeaneni mikono.

Alinipa miezi ya jela ya kaunti na miaka ya kuripoti kwa ofisa wa uangalizi. Yale maneno ya kutogusa silaha maisha yangu yote yalisomwa pia, nadhani, lakini yalinipita. Kosa lenyewe likaandikwa kosa la jinai kubwa, la utumiaji nguvu, na likawa linafika kabla yangu kila mlango niliobisha. Duka likafa. Sijutii kwamba nilikiri. Najuta kwamba nilikiri ili mambo yaishe haraka, nikadhani haraka hiyo ni unyenyekevu. Utakutana na watu wetu kazini kwako, mama. Utamkuta mtu ameketi kando ya barabara anasema nimekosa, nimekosa, kabla hujafungua mdomo, kwa sababu nyumbani kwao hivyo ndivyo mtu mwema anavyoanza. Sijui kazi yako inakuruhusu kumwambia nini. Mpe angalau nafasi ya kunyamaza.

Lakini kuna kitu kingine wale wazee walikibeba baina yetu, na hicho ndicho kilichokupata wewe. Walisema mtoto asitiriwe. Msichana mdogo asije akatajwa katika kesi ya bastola, asije akaitwa kuhojiwa, asije akakua watu wakimwonyesha kidole kwamba ndiye yule. Mbarak alikuwa ameshakutoa kwa mlango wa nyuma kabla polisi hawajafika, kwa hivyo hakuna aliyejua. Tukaafikiana, mimi na yeye na Khadija, kwamba hukuwepo. Ulikuwa shule. Naapa tuliiona ni rehema. Nilipotoka jela, Mbarak akanirudishia mtoto wangu bila neno lolote la Malindi, na sote tukawa tunasema hivyo hivyo, ulikuwa shule, mpaka ikawa hata sisi wenyewe tukijikumbuka tunalikumbuka duka bila wewe.

Ulipokuwa na miaka kumi hivi, tuko kwenye gari, uliniuliza. Ulisema kwa Kiingereza chako, kama unavyofanya ukiwa na jambo zito, kwamba unakumbuka siku ile dukani, na Mjomba. Nilikuambia, "Ulikuwa shule, mama. Umehadithiwa tu." Ukatazama dirishani. Ukasema, "Okay." Sikuwahi kusikia neno fupi kama lile. Baadaye ukiwa na miaka kumi na tatu, kumi na nne, ukaanza tabia ya kuuliza mara mbili mbili. Baba, mlango nimeufunga? Baba, nilimsalimia yule mama, si ndiyo? Mwalimu wako alisema unafuta majibu sahihi kwenye mtihani. Nikasema ni utoto. Nilikuwa najua ni nini. Mtoto niliyemwambia macho yake hayakuona alichokiona, angeyaaminije tena katika jambo jingine?

Hata hivyo umekwenda kuchagua kazi ya kusema ulichokiona. Sijui ulitoa wapi moyo huo.

Siku ya mahakama nilikuomba uje unisemee, na sikukuuliza utasema nini. Katika ombi langu nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mtoto aliyekuwepo. Niliandika bila kusita, kama mtu anayeandika tarehe yake ya kuzaliwa. Mbarak alisema yake kwanza, na koti lake la Idi, kwamba amenisamehe zamani na kwamba hana hofu na mimi. Wakashukuru, hakuna aliyemuuliza zaidi. Halafu ukapanda wewe, ukaapa, ukasema mambo ambayo sikujua kwamba uliyaona, kwamba nilikuwa nafua usiku ili nihudhurie mikutano ya shule mchana, kwamba hujasikia sauti yangu ikipanda tangu ukiwa mdogo. Nilijisikia baba wa mtu.

Kisha mwendesha mashtaka akakuuliza, kwa upole kabisa, wewe mwenyewe unakumbuka chochote kuhusu siku ile?

Ulimtazama Mjomba, naye akatazama viatu vyake. Ukanitazama mimi. Na mimi, Maimuna, nilitikisa kichwa. Kidogo sana. Sidhani kuna mwingine aliyeona. Wewe uliona, nilikuona ukiona. Babako mzazi, mbele ya jaji, alikuomba uitupe kazi uliyoihangaikia na kiapo ulichokuwa umekula dakika ile, ili yeye apewe ruhusa ya kuishi na bastola yako. Ukavuta pumzi. Ukasema, "I was there." Ukasema kila siku uliambiwa hukuwepo, lakini ulikuwepo, na bastola ilikugeukia.

Jaji alikuwa mama wa makamo, hakukasirika. Alisema angeweza kuipima hasira ya zamani na miaka niliyoishi vizuri baada yake. Kilichomshinda ni karatasi niliyoiapia mwaka huu. Akakataa ombi, akasema mpaka ipite miaka mitatu ndipo niruhusiwe kuleta jingine, isipokuwa mahakama yenyewe iniruhusu kabla ya hapo.

Tukarudi nyumbani kwenye gari lako. Tulipofika karibu na mto ukasema, "I'm sorry, Baba." Nami nikajibu, "Haidhuru."

Nimelifikiria neno hilo kuliko hukumu zote mbili. Mtu husema haidhuru akiombwa radhi na aliyemkosea. Wewe ulikuwa hujanikosea. Nililipokea ombi lako la radhi kana kwamba lilikuwa haki yangu, nikalitia mfukoni, nikauliza tutakula nini. Na tangu siku hiyo unaosha vikombe.

Mbarak alinipigia simu baadaye. Unajua mjomba wako hapendi maneno marefu. Aliniambia, "Shemeji, sisi ndio tulomfunda mtoto kuwa hakuona. Leo kasema kweli, na sote wawili twamwangalia kama kakosa yeye. Mie sijalala." Nikamwambia mimi pia.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayoyataka uondoke nayo, na kama sufuria litaungua, liache liungue, soma kwanza. Hukunifunga. Hukuninyima haki yangu. Haki ile niliiacha mwenyewe juu ya kaunta, na nilipoiendea tena nilikwenda na uongo mkononi. Nasikitika unaondoka. Nyumba hii itakuwa kubwa mno kwa mtu mmoja na redio yake, na sitajifanya mwanamume asiyelia, kwa sababu nimeshalowanisha ukurasa wa kwanza na utaona. Lakini usirudi kuniomba msamaha tena. Ukija, njoo ule. Bastola yako iache kwenye kabati huko kwako, na ukae mpaka uchoke.

Kama nitaomba tena miaka mitatu ikipita, sijui. Wewe hutakuwa tena na haja ya chumba hapa, na mimi sina haja ya kulungu. Pengine nitakwenda tu ili nisome karatasi nyingine mbele ya yule mama, iliyo sahihi, hata kama atakataa tena.

Kuhusu silaha yenyewe sina mengi ya kukufunza, wewe umesomea. Nakuambia moja ninalolijua mimi. Haikuwa nzito. Watu husema ilikuwa nzito, mkono ulitetemeka, shetani alinipitia. Hakuna. Niliinyanyua kama ninavyonyanyua kitu chochote dukani, na iliponijia akili ilikuwa imeshanyanyuliwa. Ikiwa siku moja utaiona mkononi mwako inakuwa rahisi, ogopa siku hiyo.

Na sasa ile siku. Sijawahi kuiandika wala kuisema yote kwa mtu yeyote, wala kwa wazee.

Hukuwa shule. Shule zilikuwa zimefungwa kwa theluji, kwa hivyo nilikwenda nawe dukani. Ulikuwa umevaa sweta la mamako la manjano, mikono imekunjwa mara tatu. Nilikuweka stoo, nyuma ya pazia, juu ya katoni la mabaibui, na kalamu za rangi na maandazi mawili. Mbarak alikuja baada ya adhuhuri. Tulianza kwa sauti ndogo. Aliposema lile neno la nyele niliinama nikaichukua, nikaielekeza kifuani kwake, nikamwambia arudie. Hakurudia. Aliinua mikono, akaita jina langu.

Pazia likafunguka. Nilisikia zile pete za chuma zikikwaruza, nikageuka, na mkono ukageuka nami. Ulikuwa umesimama na kalamu ya kijani. Mdomo wa bastola ulikuwa umekutazama usoni, na aliyeishika alikuwa mimi. Hukulia. Uliuliza, "Baba?" kama mtu anayetaka kuhakikisha. Sikuishusha. Nataka ulijue hilo, kwa sababu kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliishusha mara moja. Nilibaki nimeishika, sikuweza kuukunja mkono. Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma ya Mbarak, hatua chache tu, wala sikuwa namtazama tena. Hakuukimbilia. Alikuja akapita mbele yangu, akasimama baina yako na mimi, akanipa mgongo, akakufunika na koti lake. Ndipo nikaiweka juu ya kaunta.

Ulikuwepo, Maimuna. Uliona sawasawa, tangu mwanzo hadi mwisho.

Babako,
Salim